Jipu la Punda wa Mulei

Kuna magonjwa ya heshima na magonjwa ya aibu. Malaria ni ugonjwa wa heshima: mtu hulala kitandani akatetemeka, majirani wakaja na maziwa na pole nyingi. Hata jino likiuma, mgonjwa hufunga kitambaa shavuni na kuonewa huruma njia nzima. Lakini jipu likimtoka mtu kwenye kalio, tena lile la kulia analolitegemea kazini, hakuna wa kumletea maziwa. Hayo ndiyo yaliyompata Mulei, fundi wa nguo pale Tulia, mwishoni mwa mwaka wa sabini na sita, shule zikiwa karibu kufunguliwa na nusu ya watoto wa Tulia wakingoja sare kutoka kwenye mashine yake.

Mulei alishonea kwenye baraza ya duka la Maalim, Msomali aliyekuja Tulia zamani akifuata biashara ya ng'ombe, akachoka kutembea, akafungua duka la sukari, chumvi na vitambaa. Mtu alinunua kitambaa ndani, akapimwa nje, na wawili hao walielewana vizuri sana. Maalim ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona kwamba fundi wake hakai.

"Kwani kiti kimekukosea nini?" akauliza.

"Nashona wima," Mulei akajibu bila kugeuka. "Ndiyo mtindo mpya. Nairobi mafundi wote wanashona wima."

Maalim akaitazama mashine, ile ya kukanyaga kwa miguu, kisha akamtazama Mulei aliyesimama kwa mguu mmoja kama korongo, mguu wa pili ukikanyaga, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. "Wallahi, Nairobi iko na watu wagumu," akasema, akarudi ndani ya duka apate kucheka kwa nafasi.

Mtu atauliza, si angeenda zahanati? Zahanati ilikuwapo, na muuguzi alikuwapo, na sindano pia. Taabu ni kwamba muuguzi mwenyewe, Muthoki, alikuwa mdogo wake Mbinya, na Mbinya alikuwa mama mkwe wake Mulei. Mdogo wa mama mkwe ni mama mkwe, hakuna mjadala. Mwanamume wa Kitui anaweza kuvumilia njaa, kiangazi na hotuba za wanasiasa, lakini kumvulia mama mkwe suruali, hapana.

Haya hiyo ya ukwe Wakamba huiita nthoni, na si jambo la mzaha. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, na wakikaribia kukutana njiani mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite, hata kama vichaka vyenyewe ni vya miiba. Mulei alishaijua miiba yote kati ya nyumba yake na soko.

Na sasa sikia uonevu wa dunia. Dawa ya majipu iliyosifiwa kuliko zote, kutoka Tulia mpaka Kitui mjini, ilikuwa kwenye bustani ya huyo huyo Mbinya.

Mgeni aliyepita kwenye bustani hiyo alidhani mwenye nyumba amehama. Wenzake walipanda sukuma wiki na vitunguu kwa mistari. Mbinya aliviacha vya Mungu vijiotee, na vile vilivyokataa kujiotea alivifuata porini, akaving'oa na udongo wake, akavipandikiza nyuma ya jiko. Hapo palikuwa na mtunguja, ambao mizizi yake ilitafunwa na wenye meno mabovu. Palikuwa na mrehani mwitu wa kujifukiza mafua. Kishonanguo, ambacho kwa watu wengine ni adui wa soksi, kwake kilikuwa cha kupondwa na kubandikwa penye mkato ili damu isimame. Kiluma, yaani shubiri ya porini, kilitibu vidonda vya watu, na kikitiwa kwenye maji ya kuku kilitumwa kupigana na kideri. Na ukutani palisimama mbarika, majani yake mapana kama sinia, na hayo ndiyo yaliyoivisha majipu. Majirani walisema kwamba katika bustani ile hata nyoka huuliza njia, lakini wakiugua walikuja mbio kuliko nyoka.

Mbinya hakuwa mchoyo, ila alikuwa na sharti moja. Hakutoa hata jani kabla ya kujua mgonjwa ni nani, panauma wapi, panapwita au panawasha. Alisema dawa isiyojua inakokwenda hupotea njiani. Kwa hiyo mtu asingeweza tu kutuma apelekewe majani ya jipu, akajinyamazia.

Hata hivyo, kama ingekuwa haya ya kawaida, Mulei angejikaza. Kilichomfunga kinywa kilikuwa kingine. Siku aliyopeleka mbuzi wa kumposa Kalondu, akiwa ameketi nje na wazee wake, sauti ya Mbinya ilipenya kutoka jikoni: "Fundi wa nguo? Mwanamume wa kushinda amekalia kitako?" Wazee walikohoa, mambo yakaendelea, Kalondu akaolewa. Lakini neno lile lilimwingia Mulei likakaa. Tangu hapo alishona mchana kutwa, akajenga nyumba ya mabati, akanunua punda wa kuchota maji, akasomesha watoto, na kila alipoongeza kitu alijiuliza kama kule ng'ambo ya mto yule mama ameona. Sasa kitako chenyewe kimeugua kwa kukaliwa. Mbinya akijua, atasema nini zaidi ya "nilisema mimi"? Jambo hilo lilimuuma Mulei kuliko jipu, na jipu lilikuwa linamuuma sana.

Jioni ya siku iliyofuata Mulei alikuwa amelala kifudifudi kitandani, mlango wazi, Kalondu ameketi kando akichambua mbaazi.

"Mficha uchi hazai," Kalondu akamwambia.

"Mimi nimeshazaa," Mulei akajibu ndani ya mto.

"Wacha mchezo, Baba Ndululu. Niende kwa mama?"

"Utamwambia nini?"

"Ukweli."

"Kalondu, ukimwambia mama yako mimi niko na jipu hapo, nahama. Nitaenda Mombasa, nishonee mabaharia."

"Sasa nitasema ni la nani? Na akiuliza liko wapi? Unajua mama. Bila kujua mahali, hakupi hata jani la kufunika sufuria."

Mulei aliinua kichwa. Kwenye mlango, nje kidogo, punda wake alikuwa anatafuna mabua bila wasiwasi wowote, mkia ukipepea inzi. Mtu aliyebanwa hukamata chochote kilicho karibu.

"Mwambie ni punda."

Kalondu aliacha mbaazi. "Huyu? Huyu mwenye afya kuliko chifu?"

"Mwambie iko na jipu nyuma, upande wa kulia. Kamba ya mtungi imeikwaruza."

Kalondu alimtazama mumewe, akamtazama punda, akafunga leso yake akaenda. Alirudi giza likianza kuingia, mikono mitupu, uso wake ukiwa wa mtu anayezuia kitu kisitoke.

"Mama anasema pole kwa punda. Anasema mnyama haachiwi watu wasiojua. Atakuja kesho asubuhi aione mwenyewe."

Mulei alikaa kitako kwa mshtuko, akapiga yowe, akalala tena kifudifudi.

Mtu mwenye akili zake angekubali yaishe hapo. Lakini uongo ukishavishwa suruali hutaka na koti, na huyu alikuwa fundi. Asubuhi na mapema Mulei alichukua ugali wa jana, akauchanganya na udongo mwekundu na kijiko cha mafuta, akaukanda mpaka ukalainika. Akaufinyanga ukawa mviringo. Juu kabisa, katikati, akaweka kidonge kidogo cha ugali mweupe mtupu, kiwe usaha. Akamwendea punda na kumbandikia kalio la kulia, akifuata kumbukumbu ya lake mwenyewe, akalainisha kingo kwa kidole gumba, akarudi nyuma hatua chache kuitazama kazi, kichwa upande, kama afanyavyo akimaliza kola. Punda aligeuza shingo akamtazama kwa muda mrefu.

Kalondu alikuwa ameitia ncha ya leso mdomoni. "Zuri," akasema alipoweza. "Limezidi hata lako."

Kabla Mulei hajajibu, sauti ya Mbinya ilisikika kwenye ua ikibisha hodi. Siku nyingine Mulei angeruka nyuma ya nyumba akapotelea shambani, lakini kwa hali ile hakuwa mtu wa kuruka. Palipokuwa karibu ni ghala. Alipanda ngazi yake ya vijiti akiguna, akajitupa ndani kifudifudi juu ya magunia ya mbaazi, akavuta mlango. Vumbi likampanda puani. Kupitia upenyo wa fito aliweza kuona uwanja wote, punda akiwa katikati kama bwana harusi.

Mbinya aliingia. Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa haraka, na kiondo chake kilikuwa kimejaa majani mpaka yakachungulia nje. Alimsalimu bintiye, akauliza habari za watoto, akauliza mwenye nyumba yuko wapi. Kalondu akasema ameenda kazini. Mbinya akasema vizuri, kazi ni kazi. Kisha akazunguka nyuma ya punda, akainama, mikono mgongoni, akalitazama jipu.

Alilitazama kwa makini sana. Mulei alishika pumzi. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, aliona fahari.

Na hapo ndipo jogoo alipokuja. Alikuwa jogoo wa Kalondu, mwekundu, mwenye kiburi, asiyeogopa mtu. Alikuja akitembea kwa madaha, akasimama chini ya punda, akainua jicho moja, akaona ugali. Mulei alitaka kusema shii! Alifungua kinywa akakumbuka kwamba yuko kazini. Jogoo akaruka, akadonoa ule usaha, akaumeza. Akaruka tena. Mara ya tatu jipu lote likabanduka, likaanguka chini, na kuku wengine wakatoka kila pembe ya boma wakaja kuligombania, vumbi likatimka, na walipotawanyika palikuwa hapana jipu wala chembe. Kalio la punda lilikuwa safi, linang'aa kwa mafuta.

Kalondu aliwapa mgongo akajifanya anafunga kamba ya viatu, na hakuwa amevaa viatu.

Mbinya alinyooka polepole. Alimtazama jogoo. Alimtazama punda. Kisha akainua macho akalitazama ghala, lakini kidogo tu, akayarudisha chini haraka kama inavyotakiwa.

"Aiya," akasema kwa utulivu. "Hilo lilikuwa limeiva. Limeiva mpaka kuku wakajua."

Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya punda, akaketi akilipa ghala mgongo. Akakipakata kiondo chake. Na akaanza kuongea na punda, kwa sauti ya juu kidogo kuliko anayohitaji mnyama mwenye masikio marefu namna ile.

"Punda, sikiza. Mimi sina maneno mingi. Juzi, siku ya soko, nimepita Tulia. Nikaona punda inashona sare, imesimama na mguu moja. Nimeishi, nimeona mambo, lakini punda ya kushona sikuwa nimeona. Ilikuwa imenipa mgongo, na kwa vile ilikuwa inajishika huko nyuma, sikuuliza mtu. Nilirudi nyumbani nikaanza kuchuma majani. Hata kabla Kalondu hajafika, majani ilikuwa tayari."

Ndani ya ghala Mulei alizika uso kwenye gunia.

"Sasa, hii ni majani ya mbarika. Kalondu atapasha kwa makaa, apake mafuta kidogo, akubandikie ingali na joto, asubuhi na jioni. Usikamue. Punda, nasema tena, usikamue! Kuna punda ya Kalamba ilikamua, ikalala hospitali mpaka mvua ikaisha. Likipasuka lenyewe, utaoshwa na maji ya chumvi, halafu upakwe utomvu wa kiluma. Itachoma. Usilie, uko na watoto." Aliweka fungu la kwanza chini, akatoa la pili. "Na hiyo ubao unakalia huko kwa Maalim, ni ubao gani? Hata mbuzi haiwezi kulala hapo. Wewe unashonea dunia yote nguo. Kweli umeshindwa kujishonea mto? Mto tu, punda!"

Jambo hilo lilimpata Mulei penyewe. Vipande vya vitambaa vilijaa gunia zima chini ya mashine yake, na tangu aanze ufundi hajawahi kufikiria.

Mbinya alichukua jani moja akaanza kuling'oa kikonyo, taratibu, kama mtu anayejipa muda. Sauti yake iliporudi ilikuwa imeshuka, na Mulei ilibidi aweke sikio kwenye fito.

"Na kuna ingine. Kuna siku niliongea jikoni, sauti ikatoka nje. Nilijua imetoka, kwa sababu wazee walikohoa. Nilisema mwanamume wa kukalia kitako si mwanamume. Mimi ni mtu wa jembe, nilikuwa sijaona kazi ya kitako. Sasa nimeona. Kiangazi kile kilimaliza ng'ombe ya watu wote, lakini Kalondu wangu hakulala njaa. Hizi mabati zote ni kitako kilijenga. Hata nguo yangu ya kanisa, ile ya maua, wenzangu wananiuliza kama nimeletewa kutoka Nairobi. Nawaambia hapana, imeshonwa na mwanangu." Akakohoa kidogo. "Imeshonwa na punda wangu, nilitaka kusema."

Mulei alilia. Hakuna haja ya kuzungukazunguka, alilia machozi ya mtu mzima, na vumbi la mbaazi lilisingiziwa baadaye bure. Miaka yote hiyo alikuwa akijenga ili aonekane na mtu ambaye kumbe alikuwa anatazama.

"Sasa," Mbinya akaendelea, akipangusa mikono, "mama wote wa rika langu, wakwe wao walishaleta mbuzi na blanketi. Wanakaa pamoja, wanakunywa chai, wanaongea mambo ya mashamba. Mimi wangu bado anaingia miiba akiniona. Nimekuwa mzee, baridi ya Julai inaniingia kwa mifupa, na niko hapa naongea na punda."

Maana desturi ile ina mlango wake wa kutokea. Mkwe akipeleka mbuzi na blanketi, nthoni hulegea, wakaweza kukaa na kuzungumza kama mtu na mama yake, heshima ikibaki palepale. Lakini ni lazima mkwe aanze, mama mkwe hawezi kuomba. Mulei hakuwahi kuanza, kwa sababu aliogopa blanketi lake litarudishwa.

"Basi ni hayo," Mbinya akasema. "Punda, umesikia ama hukusikia?"

Punda alitafuna. Kalondu aliacha kucheka, akageuka, akalitazama ghala kwa macho ya kusihi. Mbinya hakusogea, mgongo wake mdogo umenyooka, anangoja, na ungeweza kuona kwamba jibu halikuwa jambo dogo kwake.

Mulei naye alikuwa katika taabu yake ya mwisho. Jibu alikuwa nalo, limejaa kifua. Lakini mkwe aliyejificha hawezi kumpazia mama mkwe sauti kutoka ghalani. Ingekuwa ni kuvunja heshima siku ileile aliyopewa. Alitafuta katika mafundisho yote ya wazee, akakuta kwamba yamekataza maneno, yamekataza macho, yamekataza kucheka na kula. Mlio wa punda hakuna mzee aliyewahi kuukataza.

Kwa hiyo Mulei, fundi wa Tulia, mwenye mashine yake na nyumba ya mabati, mtu ambaye hata kwenye harusi hakucheza ngoma kwa kujali hadhi yake, alivuta pumzi mpaka mbavu zikatanuka, akalia. Ulikuwa mlio mrefu, wa moyo wote, wenye kupanda na kushuka, na ukaisha kwa kikohozi cha vumbi. Jogoo alikimbia. Punda wa kweli aliacha kutafuna, masikio yote mawili yakasimama, akalitazama ghala kama aliyepata ndugu ugenini. Kalondu alikaa chini kwenye mavumbi akashika mbavu.

Mbinya hakugeuka. Aliinuka, akayapanga mafungu ya majani juu ya kigoda, akatundika kiondo kitupu begani, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alifika langoni ndipo akapata sauti.

"Haya," akasema akitazama njia iliyo mbele yake. "Hiyo mbuzi isiwe kongwe, sina meno. Na blanketi nataka ya rangi nyekundu. Usiniletee ile ya kijivu ya jela."